Mwaka wa Gredi ya Tatu: Mambo Yanayowapasa Wazazi Kuyajua

Somo letu la juma hili ni kwa wazazi ambao watoto wao wameingia Gredi ya Tatu au wanakaribia kuingia. Tumechukua mfano wa Sugoi, upande wa magharibi wa Eldoret katika kaunti ya Uasin Gishu, kwa kuwa mahali hapo pana mambo mengi yanayofanana na sehemu nyingine za nchi yetu: watu ni wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nyumbani watoto husema Kinandi, na wengine lugha nyingine, na mji mkubwa wa Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, hauko mbali. Lakini haya tutakayoyasema yanamhusu kila mzazi wa Kenya, awe wa shambani au wa mjini.

Wazazi wengi hufikiri kwamba miaka mikubwa ya shule ni ile yenye mitihani. Mtoto akiwa Gredi ya Sita au ya Tisa, nyumba nzima huamka mapema kwa ajili yake, akiwa Gredi ya Tatu, husemwa, "Huyu bado mdogo, ana wakati." Katika somo hili tutaonyesha kwamba mwaka huu mdogo ndio unaobeba miaka mingine yote, na kwamba mzazi anaweza kuutazama kwa macho yake mwenyewe, hata kama yeye hakupata kusoma.

1. MAHALI PA GREDI YA TATU

Tangu mwezi wa Januari 2019 shule zetu zilianza kuacha mpango wa 8-4-4, uliokuwa umedumu tangu 1985, na kufuata Mtaala wa Umilisi. Maana ya umilisi ni uwezo wa kutenda: mtoto hupimwa kwa yale awezayo kuyafanya kwa maarifa aliyopewa, wala si kwa yale aliyoyakariri tu. Katika mpango huu mtoto hukaa miaka 2 katika shule ya watoto wadogo, miaka 6 katika shule ya msingi, miaka 3 katika sekondari ya chini, na miaka 3 katika sekondari ya juu, ndipo afuate chuo.

Ile miaka 6 ya shule ya msingi imegawanywa mara mbili. Gredi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu ni sehemu ya chini. Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita ni sehemu ya juu. Kwa hiyo Gredi ya Tatu ni kama daraja la mtoni. Mtoto wa miaka 8 au 9 ndiye apitaye hapo, na ng'ambo ya pili mambo hubadilika sana. Masomo huongezeka: huanza Sayansi na Teknolojia, huanza Kilimo, huanza Masomo ya Jamii. Vipindi, ambavyo katika sehemu ya chini ni vya dakika 30, huwa vya dakika 35. Na zaidi ya hayo yote, lugha ya kufundishia huwa Kiingereza.

Wataalamu wa elimu husema kwamba katika miaka 3 ya mwanzo mtoto hujifunza kusoma, na baada ya hapo husoma ili ajifunze. Mwalimu wa Gredi ya Nne hana nafasi ya kufundisha silabi. Yeye hufungua kitabu cha Kilimo, husema, "Someni ukurasa huu juu ya udongo," na huamini kwamba wote wanaweza. Asiyeweza hukosa Kilimo, hukosa Sayansi, hukosa na Masomo ya Jamii, si kwa sababu hana akili ya mambo hayo, bali kwa sababu mlango wa kuingilia mote humo ni mmoja, na haukufunguliwa kwa wakati wake.

2. HAPANA MTIHANI WA KUMZUIA MTOTO

Wazee wetu wanakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Katika miaka ya 1950, baada ya taarifa ya Tume ya Beecher ya 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4 katika shule ya msingi, kisha alifanya mtihani wa kuchuja. Waliopita waliendelea na shule ya kati. Waliosalia, nao walikuwa wengi, walirudi nyumbani wakiwa watoto wadogo. Elimu yao ilikwisha hapo.

Leo sivyo. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Mwishoni mwa Gredi ya Tatu uko upimaji uitwao KEYA, unaotayarishwa na Baraza la Mitihani la Taifa na kufanywa katika shule ya mtoto mwenyewe. Upimaji huo hutazama hasa lugha na hesabu. Haumchagulii mtoto shule, haumpangi wa kwanza wala wa mwisho, wala haumzuii kuingia Gredi ya Nne.

Katika taarifa ya maendeleo ya mtoto mzazi hataona asilimia wala namba ya nafasi kama ilivyokuwa zamani. Ataona mojawapo ya hukumu nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Maneno haya ni ya upole, na ni vizuri yawe ya upole kwa mtoto. Lakini mzazi asidanganywe na upole wake. "Kukaribia matarajio" katika kusoma maana yake ni kwamba mtoto bado hajafika. Na "mbali na matarajio" maana yake ni kwamba anahitaji msaada sasa, si mwakani.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaioni. Zamani mtoto aliyeshindwa alijulikana, kwa sababu alizuiwa mlangoni. Sasa mtoto hupita mlango ukiwa wazi, ajue kusoma asijue. Huvaa sare, hubeba mkoba, hupanda gredi kila Januari, na nyumbani hapana mtu mwenye shaka. Mwaka 2011 shirika la Uwezo, lililokuwa likiwapima watoto majumbani mwao katika wilaya nyingi za Kenya, lilitangaza kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao wote walikuwa shuleni. Wazazi wao walikuwa wamefanya wajibu wa kuwapeleka. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza wakisoma.

Basi, madhali shule haimzuii mtoto, jicho la mzazi ndilo lililobaki kuwa kipimo.

3. KUSOMA: MTOTO AFIKIE WAPI?

Tangu 2015 mradi wa Tusome uliingia katika shule za msingi za serikali nchini kote, ukaleta vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza na kuwafundisha walimu njia ya kusomesha kwa sauti za herufi. Katika kazi hiyo kiliwekwa kipimo cha mtoto asomaye kwa ufasaha: maneno 45 kwa dakika moja katika Kiswahili, na maneno 65 kwa dakika moja katika Kiingereza.

Msomaji asishangae kwamba hesabu ya Kiswahili ni ndogo. Maneno yetu ni marefu, na hubeba mambo mengi kwa pamoja. Neno "hatukuwaona" ni neno moja, lakini Mwingereza akitaka kusema hivyo hutumia maneno matano.

Mzazi anaweza kumpima mtoto wake nyumbani kwa njia hii. Chukua kitabu chake cha Kiswahili, ufungue ukurasa ambao hawajaufikia darasani, ili asije akasoma kwa kukumbuka. Tazama dakika moja katika saa ya simu. Mtoto asome kwa sauti. Dakika ikiisha, weka kidole mahali alipofika, mhesabu pamoja maneno aliyoyasoma sawasawa. Akifika 45 au kupita, kazi inakwenda vizuri. Akiwa na 30 mwezi wa Februari, hapana sababu ya hofu, maana mwaka bado mrefu. Lakini akiwa na 10 tu mwezi wa Julai, au akiwa bado anaunganisha silabi moja moja kwa shida, mwendee mwalimu juma hilohilo.

Lakini mbio peke yake hazitoshi. Mtoto anaweza kusoma kwa mwendo wa gari la moshi, asijue amesoma nini. Akimaliza ukurasa, mfunge kitabu, umwulize: Nani katika hadithi? Alitaka nini? Kwa nini alifanya vile? Wewe ungefanyaje? Ajibu kwa lugha yoyote anayoijua vizuri. Akiweza kusimulia upya kwa maneno yake, huyo amesoma. Asipoweza, ametamka tu.

4. LUGHA TATU KATIKA MWAKA MMOJA

Kwa muda mrefu, tangu Tume ya Gachathi ilipotoa mapendekezo yake mwaka 1976, mpango wa serikali umekuwa kwamba watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha kuanzia darasa la nne wafundishwe kwa Kiingereza. Katika vijiji vya Sugoi lugha hiyo ni Kinandi. Katika mji wa Eldoret, na mahali penye makabila mengi yaliyochanganyika kama Turbo, aghalabu huwa Kiswahili. Kiswahili na Kiingereza hufundishwa pia kama masomo tangu mwanzo.

Wako wazazi ambao, kwa kupenda maendeleo, huwakataza watoto wao kusema Kinandi nyumbani, wakidhani kwamba Kiingereza kitaingia upesi zaidi. Hilo ni kosa. Mtoto aliyezoea kusimulia, kuuliza na kutoa sababu katika lugha ya mama yake huenda shuleni na akili iliyo tayari. Hukosa majina mapya ya mambo tu, wala hakosi mambo yenyewe. Mtoto ambaye hajui lugha yoyote kwa ukamilifu hana chombo cha kufikiria.

Hata hivyo, mzazi ajue kwamba kusoma Kiingereza kutamchelewesha mtoto kidogo, na asimkasirikie. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa: anayejua "ma", "hi" na "ndi" amekwisha kujua "mahindi". Kiingereza sivyo. Katika lugha hiyo neno lenye maana ya kisu huanza kwa herufi K, nayo haitamkwi kabisa. Mtoto hana budi kuyazoea maneno mengi ya namna hiyo moja moja. Dawa yake ni kusoma kidogo kila siku, si viboko.

Na kwa kuwa tumetaja viboko: sheria ile ya 2013 imekataza mtoto kuadhibiwa kwa kupigwa shuleni. Mzazi asimwendee mwalimu na kumwambia, "Mchape huyu mpaka ajue." Mtoto anayesoma huku akiogopa huyaficha makosa yake, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

5. HESABU ZA SHULE NA HESABU ZA SHAMBA

Katika Gredi ya Tatu mtoto huzoezwa kusoma na kuandika namba hadi 1,000. Hujumlisha na kutoa namba zenye tarakimu tatu, huzidisha na kugawanya, hupima urefu kwa mita, uzito kwa kilo, na ujazo kwa lita, husoma saa, na hushughulika na fedha. Tena hujifunza sehemu za kitu kizima: nusu, robo na thumni.

Mkulima wa Sugoi hana haja ya kununua vifaa kwa kazi hii. Ana hesabu tele uani kwake. Chapati moja ikikatwa katikati, mtoto aone nusu mbili. Ikikatwa tena, robo nne. Ikikatwa tena, thumni nane. Ng'ombe akitoa lita 7 asubuhi na lita 5 jioni, mtoto aseme jumla ni ngapi. Na kama lita 4 zimebaki nyumbani, ni ngapi zilizouzwa? Gunia moja la mahindi likiwa na kilo 90, magunia matatu yana kilo ngapi? Mistari 6 yenye mashimo 8 kila mmoja itahitaji mbegu za mashimo mangapi? Debe hujazwa na gorogoro ngapi? Hapo usimpe jibu. Mpe gorogoro, apime mwenyewe.

Angalia jambo moja. Mtoto asipewe jibu upesi, wala asichekwe akikosea. Mwulize, "Umefanyaje ukapata hivyo?" Katika kueleza, mara nyingi yeye mwenyewe ataliona kosa lake.

6. MASOMO MENGINE NA VIFAA VYAKE

Mtaala ulipoanza 2019, watoto wa sehemu ya chini walikuwa na masomo 9. Wazazi wengi na walimu walilalamika kwamba mzigo ni mkubwa. Mwaka 2022 Rais aliunda Kamati ya Kurekebisha Elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, na baada ya taarifa yake masomo hayo yalipunguzwa kuwa 7: Lugha ya Asili, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Dini, Mazingira, na Shughuli za Ubunifu. Mambo ya usafi na lishe hayakutupwa. Yaliingizwa katika somo la Mazingira. Michezo, nyimbo, kuchora na kazi za mikono zimo katika Shughuli za Ubunifu.

Mzazi asiyaone haya kuwa ni mchezo wa kupoteza wakati. Mtoto anayechora ramani ya njia ya kwenda kisimani anajifunza kupanga mawazo. Anayenawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kuwaambia wadogo zake wafanye vivyo, ameleta somo nyumbani.

Lakini twajua pia kwamba jambo la vifaa limewaudhi wazazi wengi. Mtoto hufika jioni akisema, "Mwalimu ametaka karatasi za rangi kesho," na nyumbani hapana fedha. Kumbuka kwamba mtaala wenyewe unahimiza kutumia vitu vinavyopatikana karibu: magunzi ya mahindi, udongo wa mfinyanzi, maganda ya ndizi, vizibo vya chupa, mbegu, maboksi makuukuu. Mzazi ambaye hana fedha asinyamaze wala asimfiche mtoto nyumbani siku hiyo. Na amwendee mwalimu kwa heshima, amwulize kama kitu cha nyumbani kinaweza kufaa. Mara nyingi atakubaliwa. Tena kazi hiyo aifanye mtoto mwenyewe. Gari la magunzi lililopinda, lililotengenezwa na mtoto, lina elimu ndani yake. Gari zuri lililotengenezwa na kaka yake usiku halina.

Vitabu vya masomo, tangu 2018, hupelekwa na serikali moja kwa moja mpaka shuleni. Mzazi na aulize kama mtoto wake amepata chake, na kama anaruhusiwa kuja nacho nyumbani. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu.

7. MWAKA WA SHULE NA MWAKA WA SHAMBA

Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, na katika Uasin Gishu mihula hiyo hugongana na kazi za shamba.

Muhula wa kwanza huanza Januari. Juma chache za mwanzo ni za kukumbusha yaliyofundishwa Gredi ya Pili. Huu ndio wakati mzuri wa kumpima mtoto nyumbani, kwa sababu ufa ukionekana mapema huzibwa kwa udongo kidogo. Mvua zinapokaribia, mwezi wa Machi na Aprili, huja kazi ya kupanda.

Muhula wa pili ni mrefu, nao ndio moyo wa mwaka. Hapo ndipo hesabu za kuzidisha na kugawanya hushika, na hadithi huwa ndefu. Lakini ndio wakati wa palizi. Mtoto akikosa shule siku ya soko na siku mbili za palizi kila juma, amekosa zaidi ya nusu ya masomo, ijapokuwa jina lake limo katika daftari.

Muhula wa tatu ni mfupi kuliko yote. Ndani yake huwa upimaji wa Gredi ya Tatu, na nje mahindi yanakauka yakingoja kuvunwa. Mzazi atakayengoja mpaka wakati huu ndipo aulize habari za mtoto wake amechelewa kwa mwaka huo.

Hatusemi kwamba mtoto asishike jembe. Kazi za nyumbani ni malezi, na mtoto wa mkulima asiyejua shamba ni hasara. Twasema tu kwamba kazi yake iwe jioni, Jumamosi na wakati wa likizo, nayo iwe ya kadiri ya nguvu zake. Tena isimalize mwanga wote wa siku. Nusu saa ya kusoma kabla ya giza ni akiba isiyooza, wala haibiwi na bei ya soko.

8. MZAZI ASIYEJUA KUSOMA

Huenda msomaji mmoja akasema, "Haya yote ni ya watu wenye elimu. Mama yake na mimi hatukusoma." Sivyo kabisa. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya mambo matano, na pengine akayafanya vizuri kuliko aliyesoma.

Kwanza, anaweza kusikiliza. Sikio halihitaji shule kutambua kama mtoto anasoma mfululizo kama mtu anayezungumza, au anakwama kila neno kama gari lililoingia topeni.

Pili, anaweza kumtaka mtoto asimulie kwa Kinandi yale aliyoyasoma. Simulizi lenye mwanzo, kati na mwisho ni dalili njema.

Tatu, anaweza kumwonyesha maandishi ya kila siku: jina la dukani, maneno ya paketi ya unga, karatasi ya mbegu, ujumbe wa simu. Mwambie, "Nisomee hapa, nahitaji kujua." Mtoto anayeona kwamba kusoma kwake kunamsaidia baba au mama hukua moyo.

Nne, anaweza kumpa bibi au babu nafasi. Hadithi za wazee, vitendawili na methali ni shule ya lugha. Na mtoto akizisikia jioni, azijaribu kuziandika kesho yake.

Tano, anaweza kwenda shuleni. Mwalimu humheshimu mzazi anayekuja kuuliza bila ugomvi. Usiulize tu, "Anaendeleaje?" maana jibu litakuwa, "Anaendelea vizuri." Uliza hivi: "Mwalimu, nisikilizishe akisoma. Je, amefika pale wenzake walipofika? Katika hesabu, ni lipi linalomshinda? Sisi nyumbani tumsaidie kwa lipi?"

9. MTOTO AKIBAKI NYUMA

Ikiwa umempima mtoto ukaona yuko nyuma sana, usimwite mjinga, wala usimlinganishe na ndugu zake. Tafuta sababu kwanza. Je, anaona ubao vizuri? Mtoto mwenye macho mabovu hajui kwamba wengine wanaona zaidi yake. Hudhani ndivyo ulimwengu ulivyo. Je, anasikia? Maradhi ya masikio huwanyima watoto wengi sauti za herufi. Je, hula asubuhi? Je, hulala usingizi wa kutosha? Je, yuko mwenzake anayemtisha njiani?

Mpeleke zahanati apimwe macho na masikio. Ikiwa shida ni ya namna nyingine, mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza kwenye vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo vilianza kuwekwa nchini tangu 1984. Kumpeleka mtoto huko si aibu. Aibu ni kumwacha akae darasani miaka mingi kama mgeni.

Ikiwa sababu ni kukosa mazoezi tu, basi dawa ni mazoezi. Mrudishe kwenye kitabu cha Gredi ya Pili, hata cha Kwanza, ambacho anaweza kukisoma kwa raha, apande polepole. Dakika 20 kila jioni zafaa kuliko saa 3 za Jumapili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa Gredi ya Tatu huzibwa kwa majuma machache, lakini ukuta wa sekondari hujengwa kwa gharama kubwa, na mara nyingine haujengeki.

MASWALI YA MKUTANO WA WAZAZI

Twapendekeza somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa wazazi, kisha wajadiliane juu ya maswali haya:

1. Ni lini kila mmoja wetu alimsikiliza mtoto wake akisoma ukurasa mzima?

2. Ni siku gani za juma watoto wetu hukosa shule, na ni kazi gani inayowazuia? Je, yaweza kufanywa na mtu mwingine au siku nyingine?

3. Vitabu vya shule vinaweza kuja nyumbani kwa utaratibu gani ili visipotee?

4. Ni nani katika kijiji chetu, kama vile kijana aliyemaliza sekondari au mwalimu mstaafu, awezaye kuwakusanya watoto wachache jioni na kuwasikiliza wakisoma?

5. Taarifa za muhula zitakapokuja, tutamwuliza mwalimu maswali gani?

Wazazi watakaoyajibu maswali haya kwa matendo hawatangoja Gredi ya Sita ili wajue habari za watoto wao. Watazijua jioni ya leo, kitabu kikiwa wazi mezani na mtoto akiwa anasoma.